Jumamosi: karanga bila dawa

Jambo bamama na bapapa. Jumamosi saa tatu asubuhi, shambani kwetu njia ya Kipushi. Kila mtu aseme wazi: kwa nini unataka kuacha mbolea ya kiwanda na dawa?

Wengi mnataja bei ya mfuko wa urea. Lakini karanga hujichukulia naitrojeni hewani kupitia vinundu vya mizizi; hiyo urea tulikuwa tunaitupa tu! Mama mmoja anaacha dawa kwa sababu ya kikohozi cha kila msimu. Huyo namuelewa zaidi.

Anayefuata bei ya Ulaya ya karanga za kilimo hai (bila dawa wala mbolea ya kiwanda) ajue: shamba hukaa miaka 2 ya mpito bila hivyo vitu kabla ya kupanda, na cheti cha kilimo hai hulipiwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota karanga zisipokauka vizuri, nayo haichagui shamba, kwa hiyo tutaongea pia kuhusu kuanika.