Msizing'oe kabureta mbili, anzeni na tapeti

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa magari ushauri kwamba mwenye gari la zamani lenye kabureta mbili azing'oe, afunge moja ya pikapu ya Kijapani, alale usingizi. Mwandishi anadai zile mbili hazikai pamoja hata wiki, zinakunywa mafuta, na mafundi wanaozijua wamekwisha. Hilo la mwisho nakubali nusu. Tumebaki wachache, lakini tupo, na mimi gereji nimeshawaachia vijana ila mikono bado inanuka petroli.

Nazungumzia injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani: kemshafti yake, ekzosi yake, chujio zake za hewa. Iliyochezewa na watu wa mbio ina mambo yake, siisemei hapa.

Chukua MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza. Ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na kwa takriban miaka kumi ya mwanzo ilifungwa kabureta mbili za kampuni ya SU, aina ya HS4. Injini ni silinda nne, sentimita za ujazo 1,798. Huku kwetu zimebaki za kuhesabu, lakini muundo huo wa kabureta ulisambaa. Hata Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, lile la kununua dukani lilikuja na Hitachi mbili zilizofuata mtindo wa SU.

Watu wanaziogopa kwa sababu hawajawahi kuifungua moja. Ndani kuna jeti moja, yaani tundu la kupitishia petroli, na sindano moja, basi. Sindano imechongwa kwa kupungua unene kuelekea nchani, na imeshikwa na pistoni iliyo ndani ya kofia ya juu. Ukikanyaga mafuta, mvuto wa injini unaiinua pistoni, sindano inapanda nayo, nafasi kati yake na jeti inaongezeka, petroli nyingi zaidi inapita. Ukiachia, inashuka. Ukiinyanyua kwa kidole na kuiachia, lazima ianguke yenyewe na utege sikio usikie "tik" ikigota chini. Isipogota, ni uchafu, au jeti haijakaa katikati. Osha kwa petroli, weka oili nyepesi kidogo kwenye kile kishimo cha juu, rudisha. Ila kofia na pistoni za kabureta ya mbele zisichanganywe na za nyuma, kwa maana kila pistoni imelinganishwa na kofia yake kiwandani. Nimeona vijana wakimwaga zote kwenye beseni moja kama dagaa.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na makala ile. Mwandishi ameanza na kabureta na amemaliza na kabureta. Injini haifanyi kazi hivyo. Kabla hujagusa skrubu hata moja ya kabureta, fungua kofia ya vali uangalie tapeti, yaani ile nafasi kati ya vali na kinachoisukuma, ambayo kwa MGB ni milimita 0.38, injini ikiwa ya baridi. Angalia pointi, zile za kukatia umeme wa plagi, milimita 0.35 hadi 0.40. Angalia taimingi ya moto wa plagi. Kaza nati za manifoldi, lile bomba linaloshika kabureta kwenye injini, maana gaskiti ikivujisha hewa utazungusha kabureta mpaka jua lizame na injini itaendelea kutetemeka. Chujio za hewa ziwe safi. Injini iwe imeshapata moto. Hapo ndipo kabureta zinaruhusiwa kuguswa, zikiwa za mwisho kabisa kwenye foleni.

Mama mmoja wa Arusha aliachiwa MGB na marehemu mumewe. Gereji moja huko ikamwambia kabureta zimekufa, ikampa na bei ya kufunga nyingine moja. Alipokuja Tanga kwa ndugu zake akanifikia.

"Fundi, wameniambia hizi hazifai tena."

"Ngoja tuone plagi kwanza, mama."

Nikazitoa nne zote nikazipanga juu ya gazeti. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya kahawia ya kupendeza. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii. Kwa fundi wa injini hii, kesi ilikuwa imekwisha pale pale. Kichwa cha silinda cha MGB kimejengwa na njia mbili tu za kuingiza mchanganyiko: silinda ya kwanza na ya pili wanashiriki moja, ya tatu na ya nne nyingine, na kila njia ina kabureta yake. Kabureta ikizidisha mafuta, plagi mbili za jirani ndizo zitakazosema. Plagi moja ikiwa nyeusi peke yake, kabureta hahusiki, tafuta moto au vali. Nilipofungua juu, tapeti ya ekzosi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi ya kupitisha hata karatasi. Vali ilikuwa haifungi sawasawa, silinda haina nguvu ya kuunguza mafuta yake.

Na hilo lina sababu ambayo wenye magari ya zamani wanatakiwa waijue. Injini za miaka ile zilizoea petroli yenye risasi, na risasi ilikuwa inalinda viti vya vali, pale vali inapokaa ikijifunga. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, jambo jema kwa vifua vya watoto wetu, silipingi. Lakini kwenye kichwa cha zamani ambacho hakijabadilishwa viti, vali ya ekzosi huweza kula kiti chake polepole ikazama, na kila inapozama nafasi ya tapeti inapungua. Gari linaanza kuwa na missi, halikai sailensi, yaani kuunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, na anayelaumiwa ni kabureta. Bahati ya yule mama, vali yake ilikuwa haijaungua. Nikaweka nafasi inayotakiwa, nikamwambia siku atakayofungua kichwa aweke viti vigumu.

Baada ya hapo ndipo nikazilinganisha kabureta. Vifaa ni bisibisi, spana ya nati ya jeti, na kipande cha mpira wa bomba. Unalegeza vibano vya ile shafti inayounganisha batafulai mbili, vile visahani vya kufungulia hewa, kila kabureta ijitegemee. Mpira unaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, unasikiliza ule mvumo wa hewa, unahamia ya nyuma, mahali pale pale pa mdomo. Moja ikivuma zaidi, unapunguza skrubu yake ya sailensi, au unaongeza ya mwenzake, mpaka masikio yasitofautishe. Mimi hupenda injini ibaki kwenye mizunguko 800 hivi kwa dakika.

Halafu mchanganyiko. Chini ya kila kabureta kuna nati ya pande sita. Ukiipandisha, jeti inapanda na mafuta yanapungua, ukiishusha, yanaongezeka. Upande mmoja wa nati kwa wakati, si mzunguko mzima, wenye haraka waende wakauze maji. Pembeni kuna kipini cha kuinulia pistoni. Inyanyue kidogo sana, kama milimita moja isiyotimia, usikilize. Injini ikipanda mbio na kubaki huko, mafuta yamezidi. Ikitaka kuzima, yamepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi mahali pake, acha hapo hapo. Fanya mbele, fanya nyuma, kisha rudi mbele tena, kwa kuwa ukigusa moja mwenzake husikia kupitia manifoldi. Mwisho kaza vibano kwa namna ambayo batafulai zote mbili zinaanza kufunguka kwa pamoja mguu unapogusa pedeli. Hapa ndipo wengi huharibu: sailensi inakuwa tamu, lakini barabarani kabureta moja inaamka kabla ya nyingine na gari linashtuka.

Yule mama nilimwambia pia kwamba Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari na mimi nimepima nikiwa pwani. Hewa ya kule ni nyepesi, mafuta yataonekana yamezidi, kwa hiyo kila nati ipandishwe upande mmoja, ikibidi miwili. Alinipigia baadaye: upande mmoja ulitosha.

Sisemi kabureta hazichakai. Shafti ya batafulai ikisuguana na nyumba yake kwa miaka hamsini inaacha nafasi, hewa inaingia pasipotakiwa, na hapo hakuna bisibisi itakayosaidia. Ishike kwa vidole uitikise ukiwa umezima injini. Ikicheza, mpelekee fundi wa kukereza vyuma akutilie bushi. Ni kazi ya kawaida, na mafundi hao mitaani tele.

Na ile moja ya pikapu? Gari litatembea, sikatai. Lakini jeti zake zilipimwa kwa injini nyingine, nguvu ya juu itapungua, na siku ya kuuza mnunuzi anayejua gari atafungua boneti na kushusha bei kabla hajasema habari za asubuhi.

Ningependa kujua mwandishi wenu alizipeleka wapi zile alizozing'oa. Kama bado zipo stoo, na kila kofia ipo na pistoni yake, nitazinunua.

Fundi mstaafu,
Chumbageni, Tanga