Ukivisha makochi upya, dai zipu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wa Dodoma tunaopeleka makochi kwa mafundi. Yangu ni ya mninga, niliyatoa Dar es Salaam mwaka 2017 ofisi yetu ilipohamia huku. Mbao zake hadi leo nzima. Kilichokufa ni kitambaa, maana vumbi letu la kiangazi mnalijua: ukipiga mto kofi unatoka moshi.

Fundi alikuja na sampuli nyumbani. Siku mbili tukabishania rangi. Mimi nilitaka ya maziwa, binti yangu akakataa, tukaangukia kahawia. Bei nayo nikaishusha mpaka nikajiona hodari. Habari ya ndani ya mto hakuna aliyeitaja. Makochi yakarudi yanang'aa, majirani wakaja kuyakalia.

Mwezi wa tatu nikaanza kukalia mbao. Mito haikuwa na zipu, nikafumua mshono kwa wembe. Juu palikuwa na sponji nyembamba kama chapati, chini yake vipande vya sponji chakavu, kipande cha gunia, na pazia la mtu lenye maua. Pazia zima!

Nilimrudia fundi. Hakukana. "Mama, uliniuliza rangi. Sponji hukuuliza, na kwa bei ile uliyonibana, sponji yake ndiyo hiyo." Nilimfokea, lakini njiani nikaona nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu tu, kwa sababu naye alijua na akanyamaza.

Tangu hapo nimejifunza. Sponji hutajwa kwa uzito wake, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo. Ya kukalia kila siku itafute ya 30 au zaidi. Ile ya 18 ibaki kwenye mito ya kuegemea. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ukibonyeza dukani zote zinarudi vizuri zikiwa mpya. Mizani ndiyo inayosema: kipande cha sentimita 60 kwa 50, unene 10, kikiwa cha 30 kinakaribia gramu 900, cha 18 hakifiki 550. Safari ya pili nilikipeleka changu kwa kijana muuza zabibu hapa mtaani. Alicheka sana, lakini alinipimia.

Kwa hiyo mafundi, nawaomba muandike uzito wa sponji kwenye risiti, na kila mto wa kukalia uwe na zipu. Mnasema zipu inaongeza gharama. Iongezeni, nitalipa, kwa vumbi hili foronya nitaivua na kuifua mara ngapi kwa mwaka?

Mito yangu mitano sasa ina zipu. Wa sita uko kwa fundi wiki ya tatu hii, anasema zipu ya kahawia imeadimika mjini.

Mtumishi mstaafu,
Ilazo, Dodoma