Kujaza risasi nyumbani, tuseme ukweli basi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hawa jamaa wanaochukua maganda ya risasi zilizokwisha pigwa na kuyajaza upya baruti na kichwa nyumbani kama hobi wanapenda kusema wanaokoa hela, mi nacheka tu, kwa sababu ganda la shaba kweli linatumika tena mara kadhaa na ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye risasi, lakini ukishakuwa nazo za bei rahisi unapiga nyingi zaidi, hela iko palepale. Raha yake ni kupata risasi inayoikubali bunduki yako, hapo nawaelewa.

Kinachoniudhi ni wale wanaojaza huku tivii inaongea pembeni. Baruti ikiingia mara mbili kwenye ganda moja, hasa maganda ya bastola ambayo kipimo chake cha baruti hakijazi hata nusu ya ganda kwa hiyo cha pili kinaingia bila we kuona, presha inaweza kupasua silaha mkononi mwako. Ikikosekana kabisa nayo ni balaa, fataki, kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, peke yake inakisukuma kichwa cha risasi kinakwama ndani ya mtutu, we hujui, unapiga ya pili juu yake.

Halafu vumbi la madini ya risasi hakuna anayelitaja! Linatoka kwenye mabaki ya fataki wakati wa kusafisha maganda, linaingia mwilini, na watoto ndo linawaumiza zaidi. Sasa mtu anafanyia hiyo kazi kwenye meza ya kulia chakula, jamani. Na hata sheria ya nchi yake kama inamruhusu hajauliza.

Msomaji wako