Kwa Nini Jumla ya Wati Haitoshi Kuueleza Mwanga wa Jua

Wateja wengi hutujia na namba moja mkononi: wati 1,000 kwa mita ya mraba. Namba hiyo ni jumla ya nguvu ya mwanga, nayo haisemi lolote kuhusu rangi zilizoijenga. Piranometa ya kawaida, yaani kifaa kinachopima jumla hiyo, huhesabu mawimbi ya mwanga yenye urefu wa hadi karibu nanomita 2,800 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali paneli ya silikoni haizalishi umeme kwa mawimbi yanayozidi takriban nanomita 1,200. Ndiyo maana siku mbili zenye jumla ileile zaweza kutoa umeme tofauti, hata joto la paneli likiwa sawa.

Tofauti hiyo huletwa na angahewa. Ozoni huzuia karibu urujuanimno wote ulio chini ya nanomita 290, na oksijeni huacha ufa mwembamba, yaani sehemu ambayo mwanga wake umefyonzwa, karibu na nanomita 760, ambao ndio alama tunayoitazama kwanza kwenye grafu ya vipimo vyetu ili kuhakikisha kwamba kifaa chetu hakijahama katika kusoma urefu wa mawimbi. Mvuke wa maji huchimba mashimo mapana karibu na nanomita 940, 1,130 na 1,400, na mashimo haya hutushughulisha zaidi kwa sababu kina chake hubadilika hata ndani ya siku moja.

Sisi hupima kwa spektroradiometa, kifaa kinachopima nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi, iliyokaguliwa kwa taa ya rejea ambayo mwanga wake unajulikana. Kisahani cheupe kinachopokea mwanga hufutwa kabla ya kila kipimo, kwani hata mafuta ya kidole hufyonza urujuanimno. Papo hapo tunakokotoa spektra inayotarajiwa, yaani mgawanyo wa nguvu ya mwanga kwa rangi, kwa SMARTS, programu ya Christian Gueymard ya anga lisilo na mawingu, tukiipa kimo cha jua, shinikizo la hewa, ozoni, mvuke na vumbi.

Kwa maoni yetu, faida kubwa hupatikana pale kipimo na hesabu vinapokosa kulingana. Pengo likikua polepole kuelekea bluu, makadirio ya vumbi ndiyo yenye kasoro. Likijitokeza kwenye mashimo ya mvuke pekee, kama lile la nanomita 940, mvuke umekadiriwa vibaya. Na lisipofuata umbo lolote linalotokana na hewa, tunakishuku kifaa chetu wenyewe na kukirudisha kwenye taa kabla ya kukukabidhi ripoti.

Unapoomba huduma hii, tutumie mwinamo na mwelekeo wa paneli zako, pamoja na aina ya ardhi iliyo mbele yake, kwa kuwa mchanga mweupe na majani huakisi rangi tofauti.