Wafanyakazi waketishwe wazungumze kabla ya barua za onyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo waajiri wengi wa hapa Tanga hudhani litamalizwa kwa karipio, nalo ni ugomvi wa makundi kazini.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha kamba za mkonge. Kwa miezi kadhaa, zamu ya mchana na zamu ya usiku zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Wa mchana walilalamika kwamba kila asubuhi wanakuta mashine za kusokota zimekauka na singa, yaani nyuzi za mkonge, zimejiviringa kwenye rola. Wa usiku wakajibu kuwa wao huachiwa mabaki, singa fupi zinazokatika ovyo. Uongozi ukawataka wote wajieleze kwa maandishi, na kila barua ikazidisha chuki, hata salamu za getini zikakoma, jambo ambalo kwa watu wa pwani ni zito kuliko matusi.

Mwishowe aliitwa mwalimu mstaafu kutoka Makorora, asiye na cheo wala maslahi kiwandani. Aliwaketisha kwenye jamvi moja, mameneja wakiwa nje, akaweka sharti moja tu: hakuna kumjibu mwenzako kabla hujayarudia maneno yake, mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Saa nzima ya kwanza ilipotea katika kusahihishana, na nusura baadhi yao wanyanyuke waondoke. Kisha kijana mmoja wa usiku, alipoulizwa kwa nini hawapaki grisi, akasema kwamba grisi imo stoo, na stoo hufungwa saa kumi na moja jioni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kila siku nilikuwa nikiondoka nao kwenda nyumbani Pongwe. Barua zote zile hazikuwahi kuuliza swali hilo, nami naungama kwamba sikufikiri hata mara moja kuwa ugomvi ule unanihusu.

Najua ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, na kwamba usuluhishi wake umewekewa siku 30. Ni chombo muhimu, lakini wengi hukifikia wakiwa wamekwisha kuachishwa kazi, nao huenda kudai haki, si kutafuta namna ya kupokezana mashine. Mazungumzo ninayoyasema huja mapema zaidi. Wala hayafai kwa kila jambo: mshahara uliocheleweshwa hulipwa, na anayemdhalilisha mwenzake huchukuliwa hatua.

Ninachowaomba waajiri na matawi ya vyama vya wafanyakazi ni kumteua mapema mtu anayekubalika kwa pande zote, asiye bosi wa yeyote, na kuwaachia watu wazungumze ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Kwetu, ufunguo wa pili sasa hukaa kwa mnyapara wa usiku. Suala la singa fupi bado halijaisha. Kikao chake ni Jumamosi hii.

Mtunza stoo,
Tanga