Usingizi kwenye kiti cha daktari wa meno

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za usingizi katika kliniki za meno. Sindano ya ganzi ni jambo moja. Kumlaza usingizi mgonjwa, hasa mtoto, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa daktari anafanya kazi mdomoni, palepale pumzi inapopita. Haitoshi kumbana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, maana aliyeacha kupumua anaweza kuonyesha kiwango kizuri kwa muda, ilhali kipimo cha hewa ya kaboni anayoitoa hugundua mapema zaidi. Awepo pia mtu asiye na kazi nyingine ila kumwangalia mgonjwa, na mtungi wa oksijeni uwe umejaa, si wa maonyesho. Mzazi anayeulizwa mtoto amekula saa ngapi asikasirike: tumbo huhitaji angalau saa 6 baada ya chakula kigumu ili liwe tupu kabla ya dawa ya usingizi.

Msomaji wako