Vijana wangu wa kijiwe, si kila damu chooni ni bawasiri

Wanangu wa bodaboda pale Mbuyuni, Moshi,

Shikamoo zenu huzipokea kila mnaponipeleka sokoni, marahaba. Leo naandika kuhusu saratani ya utumbo mpana, kwa sababu jambo lenyewe halisemeki juu ya pikipiki, hasa mkishanipakia mshikaki na abiria mwingine.

Juzi mmoja wenu alinibeba akiwa amekalia upande mmoja. Nilipomuuliza akacheka: "Bibi, mgolo tu huu, bawasiri, kiti kigumu." Damu inamtoka tangu Krismasi. Ameshanunua chupa mbili kwa wale wanaopita na spika, dawa moja inayotibu bawasiri, ngiri na nguvu za kiume kwa mpigo. Simtaji, na mama yake sijamwambia.

Nilikuwa nesi wodi ya upasuaji miaka 31. Nilipoanza kazi, saratani ya utumbo mpana tuliihesabu kuwa ya wazee. Miaka yangu ya mwisho nikaanza kutandika vitanda vya watoto wa umri wenu. Nakumbuka seremala wa miaka 33. Alikuwa ametibiwa amiba mara tatu, kisha vidonda vya tumbo, kisha bawasiri, na katika mizunguko yote hiyo hakuna aliyemwambia avue suruali amwangalie. Alipofika kwetu, ini lilikuwa limeshashikwa.

Sasa tuje kwenye kidole, maana najua ndicho mnachokiogopa. Daktari anavaa glovu, anapaka mafuta, anapima njia ya haja kubwa kwa kidole kwa muda mfupi kuliko mnavyobishana kuhusu Simba na Yanga kwenye taa nyekundu. Uanaume wako unabaki palepale ulipouacha. Uvimbe wa sehemu ya chini mara nyingi hugundulika hivyo hivyo. Wa juu zaidi unahitaji kolonoskopia, mpira mwembamba wenye kamera. Siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na nakwambia ukweli, usiku huo utalala chooni. Lakini mpira huo huo unaweza kukata kinundu cha ndani ya utumbo kabla hakijawa saratani, na kinachofika huko kwa kawaida huchukua miaka mingi.

Mnaniuliza, mtu anapona? Hesabu za Marekani zinasema hivi: ikikutwa bado imo ndani ya utumbo, takriban 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Ikifika kwenye tezi za jirani, kama 7. Ikihamia ini au mapafu, hawafiki 2. Ujana haukupunguzii nafasi ya kupona. Kinachowaponza vijana ni kuchelewa. Hata yule mwigizaji Chadwick Boseman, mwenye fedha na madaktari wa Marekani, alikutwa nayo mwaka 2016 ikiwa hatua ya tatu, yaani imeshafika kwenye tezi. Alifariki 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 kule walishusha umri wa kuanza kupimwa watu wasio na dalili, kutoka 50 hadi 45. Nanyi wengi hamjafika hata 35, kwa hiyo msisubiri umri, sikilizeni mwili.

Damu, hata kama haiumi. Choo kilichobadilika wiki nyingi, au kila ukimaliza unahisi hujamaliza. Kukonda. Na hili wengi hawalijui: kijana wa kiume hapungukiwi damu hivi hivi. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, uliza damu yenyewe inapotelea wapi. Kama baba au dada yako aliugua saratani hii akiwa na miaka 45, wewe kachunguzwe ukiwa na 35.

Nyama choma na bia mnajua nitakachosema, nisiwachoshe.

Gharama nazijua. Ila mwaka jana kijiwe kilichanga kwa siku mbili tu, jeneza, basi na chakula vikapatikana. Daftari lile lile liandikeni ukurasa wa vipimo. Hospitali ya Mawenzi iko karibu, na hospitali ya KCMC wana kitengo cha saratani tangu 2016.

Wewe wa juzi, Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa getini na kitenge changu. Nauli nitalipa kama kawaida, lakini safari hii hatuendi sokoni.

Bibi Nesi, Majengo